Nyumba Tupu Jirani Yetu: Tuifanyeje?



Siku moja mama mmoja alifika kwetu amembeba mtoto wake mgongoni. Mtoto alikuwa wa miaka sita. Alikuwa amekwenda kuokota mapera nyuma ya nyumba ya jirani, nyumba isiyokaliwa na mtu, akatumbukia katika shimo la choo cha zamani. Miti iliyofunika shimo ilikuwa imeoza, na nyasi zilificha yote. Mguu wake ulivunjika. Tunamshukuru Mungu, shimo halikuwa refu sana, na mtoto akapona. Nilimwuliza yule mama, "Je, hamkujua ya kuwa kuna shimo?" Akajibu, "Tulijua. Lakini nyumba si yetu. Tungefanya nini?"

Baada ya miezi michache alikuja mwanamume mmoja mwenye jeraha la panga mkononi. Nilipokuwa nikimshona nilimwuliza habari zake. Huyu hakukaa kimya kama yule mama. Aliona nyasi ndefu katika kiwanja kitupu kando ya kwake, akazikata. Kisha akaona udongo ni mzuri, akapanda maharage. Ndugu ya mwenye kiwanja akapita, akaona maharage, akasema, "Unatuibia ardhi." Maneno yakawa makali, na mapanga yakatoka.

Basi, tulipata wagonjwa wawili. Mmoja aliumia kwa sababu hakuna aliyeigusa nyumba tupu. Mwingine aliumia kwa sababu alikigusa kiwanja kitupu bila kumwambia mtu. Kati ya makosa hayo mawili iko njia nzuri, nayo ndiyo tunataka kukuonyesha.

KWA NINI NYUMBA TUPU ZIKO KWETU

Bogoro iko katika njia itokayo Bunia kwenda Kasenyi, kwenye Ziwa Albert, kilometa 25 hivi kutoka Bunia. Watu wa hapa hawana haja ya kuelezwa mambo ya tarehe 24 Februari 2003. Siku ile wengi waliuawa, nyumba zikabomolewa na kuchomwa, na mali ikachukuliwa. Mwaka 2014 Korti ya Kimataifa ya Uhalifu (CPI) huko La Haye ilimhukumu Germain Katanga kwa mambo hayo. Mwaka 2017 korti hiyo iliagiza wahanga 297 walipwe fidia, na msaada wa nyumba ulikuwa mmojawapo.

Wengine walirudi na kujenga tena. Wengine hawakurudi. Huyu amekwisha kujenga Bunia, yule yuko Uganda, na mwingine amekufa na watoto wake wamekulia mbali. Tena wako watu ambao hawakukimbia vita yo yote, ila walihama kwa kutafuta kazi au shule. Nyumba ikabaki. Siku moja unaona maneno yameandikwa ukutani kwa makaa ya kwamba nyumba inauzwa. Pengine chini yake mkono mwingine umeandika kwamba haiuzwi! Wanunuzi hawaji upesi, na miaka inapita. Wewe unaendelea kulala kando ya nyumba hiyo na watoto wako.

Usimchukie mwenye nyumba. Labda kila akiikumbuka nyumba ile, moyo wake unauma. Wapo watu wasioweza hata kupita mbele ya mlango wao wa zamani. Lakini huzuni ya mwenyewe haizuii panya kuzaana.

MADHARA YA NYUMBA TUPU

Mashimo. Shimo la choo, kisima kisichofunikwa, shimo la kutoa udongo wa matofali: haya ndiyo ya hatari kupita yote, maana mtoto hufa mara moja. Torati ya Musa ilikwisha kusema habari hiyo katika kitabu cha Kutoka, sura ya 21. Mtu akichimba shimo na kuliacha wazi, na mnyama wa jirani akatumbukia, mwenye shimo alipaswa kulipa. Kama ni hivyo kwa punda, si zaidi kwa mtoto?

Kuta. Nyumba ya matofali yasiyochomwa hudumu kwa sababu ya paa. Mabati yakiibwa au nyasi za paa zikioza, mvua huingia juu ya ukuta na kuulainisha kidogo kidogo. Kwa macho ukuta ni mzima, lakini ndani umekuwa matope. Usiwaache watoto wacheze chini yake, wala usifunge mbuzi wako hapo.

Panya na viroboto. Panya hupenda mahali ambapo mtu hawasumbui. Mchana hukaa katika nyumba tupu, usiku huja kula mahindi yako. Huharibu chakula kwa mkojo na mavi yao. Tena huku Ituri tuna sababu nyingine ya kuwaogopa, yaani ugonjwa wa tauni. Tauni imejulikana katika milima ya Djugu na Mahagi tangu miaka ya 1920, na haijakwisha. Mwaka 2020 iliwashika watu katika zone ya afya ya Rethy. Viroboto huitoa kwa panya mgonjwa na kuileta kwa mtu. Panya akifa, viroboto humwacha na kutafuta damu nyingine. Kwa hiyo ukiona panya wengi wamekufa wenyewe, usifurahi. Usiwashike kwa mkono. Uwakataze watoto wasikaribie, na uende upesi kuwaarifu wauguzi wa kituo cha afya. Mtu akipata homa kali pamoja na uvimbe wenye maumivu kinenani, kwapani au shingoni, aletwe siku ile ile. Ni vivyo hivyo kama anakohoa damu. Dawa ziko na zinaponya, lakini anayekawia hufa.

Nyoka. Nyoka huwafuata panya. Ukipunguza panya umepunguza nyoka. Mtu akiumwa na nyoka, usichanje jeraha, usilinyonye, wala usifunge kamba ya kukaza. Jiwe jeusi, ambalo watu wengi hulitumaini, haliwezi kuitoa sumu iliyokwisha kuingia mwilini. Mtulize mgonjwa, mfunge mti kando ya mguu au mkono ulioumwa ili usitikisike, umbebe mpaka hospitali. Asitembee mwenyewe.

Mbu. Watu wengi hufikiri kwamba mbu huzaliwa katika nyasi. Si hivyo. Mbu hupumzika katika nyasi, lakini mayai yake huyataga katika maji. Mbu wa malaria hupenda maji yaliyotulia na kuangaziwa na jua, kama yale ya shimo la matofali. Mbu wengine hupenda maji ya mikebe, magurudumu ya zamani na vyungu vilivyovunjika. Kutoka yai mpaka mbu anayeruka ni siku 7 hadi 14. Basi ukimwaga maji hayo mara moja kila juma, mbu hana nafasi ya kukua.

Vyuma vya vita. Mahali walipokaa askari, au palipopiganiwa, pengine risasi au mabomu yamebaki ardhini. Ukiona kitu cha chuma usichokijua, usikiguse, usikipige teke, usikitupie jiwe. Rudi nyuma kwa kukanyaga palepale ulipokanyaga. Weka alama mbali nacho, uwazuie watu, ukamwarifu chifu ili awaite wenye kazi hiyo.

JAMBO LA KWANZA: MTAFUTE MWENYE NYUMBA

Usianze na panga, anza na salamu. Uliza wazee, uliza washiriki wa kanisa alikokuwa akisali, uliza ndugu zake walio sokoni Bunia. Siku hizi simu hufika hata Kampala. Ukimpata, usianze kwa kumlaumu. Mwambie mambo unayoyaona, na ahadi unayoitoa. Unaweza kumwandikia hivi:

"Kwa Baba yetu, salamu nyingi kutoka kwa jirani zako wa Bogoro. Sisi tu wazima, nasi tunatumaini ninyi nanyi mko hivyo. Tunakuarifu habari za nyumba yako. Miti ya choo cha nyuma imeoza, na nyasi zimekuwa ndefu. Watoto wetu hupita hapo. Tunaomba ruhusa ya kufunika shimo na kukata nyasi. Hatutapanda kitu, hatutachukua kitu, wala hatutagusa mpaka. Kazi itafanyika mbele ya kapita. Baba, tujibu, au umtume mtu wako aje aone. Ni sisi jirani zako."

Barua hiyo ni fupi, lakini ina mambo matatu: hatari ni ipi, unaomba nini, na hutafanya nini. Jambo la tatu ndilo litakalotuliza moyo wake. Weka nakala ya barua, na jibu lake pia. Akijibu kwa simu tu, mwombe amwambie kapita vilevile.

JAMBO LA PILI: FANYA MBELE YA MASHAHIDI

Kumbuka, vita vya Ituri vilivyoanza mwaka 1999 vilianza na ugomvi wa ardhi huko Djugu. Kwetu panga linalokata nyasi za mtu mwingine laweza kufikiriwa kuwa panga la kukata mpaka. Nia yako ni njema, lakini apitaye barabarani haoni nia. Yeye anaona mikono yako tu.

Kwa hiyo mpe habari kapita au chifu wa kijiji kabla ya kazi. Taja siku. Waite jirani wa pande zote, si rafiki zako tu. Ikiwezekana, kazi ifanyike siku ya salongo, watu wote pamoja, ili isiwe kazi ya mtu mmoja. Kama mna simu yenye kamera, pigeni picha kabla ya kazi na baada ya kazi, mzipeleke kwa mwenyewe.

Tena shika sheria hizi tatu bila kuzivunja:

1. Usipande kitu, hata mche mmoja wa muhogo. Ukikata nyasi wewe ni jirani. Ukipanda, watu watauliza kama umekuwa mwenye shamba.

2. Usiuguse mti wa mpaka, hata ukiwa umekauka. Kata nyasi zilizouzunguka, uuache umesimama.

3. Usichukue kitu. Bati lililoanguka, mlango, tofali, hata kuni: viweke mahali pamoja, na kapita avihesabu.

Kama yule mgonjwa wangu wa jeraha la mkono angaliishia kwenye nyasi, na kama angalikuwa na kapita kando yake, nisingalimshona.

Je, kama mwenyewe hapatikani kabisa? Usivunje mlango. Mwendee chifu pamoja na jirani wawili au watatu, mwonyeshe hatari yenyewe. Kufunika shimo lililo wazi ni kuokoa roho, na chifu anaweza kuliagiza mara moja. Mambo mengine yaweza kungoja. Je, kama warithi wanashindana, huyu anauza, yule anakataa? Usichague upande. Sema, "Mimi sijui nyumba ni ya nani. Najua shimo lina watoto karibu." Mtu wa pande zote mbili atakubali neno hilo.

JAMBO LA TATU: JINSI YA KUFANYA KAZI YENYEWE

Anza na mashimo. Usilifunike shimo kwa bati jembamba, maana likijificha chini ya nyasi limekuwa mtego mbaya kuliko mwanzo. Weka miti minene, tena uzungushe ua unaoonekana kwa mbali. Kama mwenyewe amekubali, jaza shimo la choo kwa mawe na udongo, ukiupandisha juu kama kichuguu, kwa sababu utashuka baadaye. Shimo la matofali lijazwe, au lichimbiwe mfereji wa kutoa maji.

Kisha kata nyasi. Vaa viatu virefu vya mpira. Piga nyasi kwa fimbo ndefu mbele yako ili nyoka akimbie. Acha nafasi tupu ya hatua kadhaa kati ya kiwanja kile na nyumba yako.

Usichome moto. Najua moto ni kazi rahisi, hasa katika miezi ya ukavu, Desemba mpaka Februari. Lakini moto huruka na kushika paa la nyasi. Moto hulipua risasi zilizolala ardhini. Tena moto huwafukuza panya wote siku moja, nao watakimbilia wapi? Nyumbani kwako.

Kuhusu panya, anza kwako. Weka chakula katika mitungi yenye vifuniko, inua ghala juu ya nguzo, ufagie makombo kila jioni. Panya asiyepata chakula kwako hatakuwa na faida ya kukaa kwa jirani. Usitupe sumu ya panya ovyo katika nyumba tupu, kwa maana watoto na kuku wataipata. Na mahali penye hofu ya tauni usiwaue panya kwanza. Ngoja wauguzi waweke dawa ya viroboto, ndipo panya wauawe.

Ukipewa ruhusa ya kuingia ndani, fungua milango na madirisha, utoke, ungoje nusu saa. Funika pua na mdomo kwa kitambaa. Usifagie mavi ya panya yakiwa makavu, maana vumbi lake ni baya. Yaloweshe kwanza kwa maji yenye javeli, kisha uyaondoe, uyazike. Baadaye oga na kufua nguo zako.

Wiki chache zikipita, rudini tena. Nyasi hazijui kwamba mlifanya kazi.

KAMA UNATAKA KUINUNUA

Labda utasema, "Afadhali niinunue mwenyewe, taabu iishe." Ni wazo jema, lakini usiharakishe kwa sababu bei ni ndogo. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ya kuwa ardhi ni mali ya Serikali, na mtu hupewa haki ya kuitumia. Haki hiyo huthibitishwa na karatasi iitwayo certificat d'enregistrement. Omba kuiona, ukaulize katika ofisi ya ardhi Bunia kama ni ya kweli. Ikiwa kiwanja ni cha kijiji na hakina karatasi hiyo, wakutane chifu, wazee na jirani wa mipaka yote.

Kama mwenye nyumba amekufa, wakutanishe warithi wote. Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987 inawapa watoto wa marehemu haki ya urithi, wa kike sawasawa na wa kiume. Usimpite mjane. Ukinunua kwa mtoto mmoja aliyekuja mbio kutafuta fedha, umenunua kesi. Nabii Yeremia aliponunua shamba la Anathothi, mji ukiwa katika vita, alipima fedha mbele ya mashahidi, akaandika hati, akaiweka katika chombo cha udongo ili idumu. Fanya vivyo hivyo, na hati yako isikae mahali panya watakapoila.

KWA WEWE UNAYEUZA

Labda wewe unayesoma hapa Bunia, ukingojea dawa kwenye benchi, ndiwe mwenye nyumba hiyo. Neno letu kwako ni fupi. Jaza choo. Funika kisima. Mwachie mtu mmoja mwaminifu ufunguo na namba ya simu yako, ukamtaje kwa chifu. Mtu akikuomba ruhusa ya kukata nyasi, mjibu. Ukiweza, mweke mtu akae bure mpaka itakapouzwa, kwa barua inayosema ni mkaaji tu. Nyumba iliyo na moshi jikoni haiozi upesi, na mnunuzi huitazama kwa macho mengine. Na kama huwezi kurudi kwa sababu ya mambo yaliyotokea pale, hakuna atakayekulazimisha. Mtume mwingine tu, lakini usiache shimo lako wazi.

MASWALI YA KUJIULIZA NYUMBANI

1. Karibu na kwetu kuna shimo gani lililo wazi leo? Watoto wetu wanalijua?
2. Mwenye nyumba tupu ni nani, na nani anajua alipo?
3. Kwa nini tukate nyasi lakini tusipande kitu?
4. Tukiona panya wengi wamekufa, tufanye nini, na tusifanye nini?
5. Ni maji gani katika uwanja wetu wenyewe ambayo hayajamwagwa juma hili?

Anza na swali la tano. Ukisafisha kwako kwanza, jirani atakusikiliza utakapomwandikia barua.